Tabibu Asiye na Pua

Bi Kidawa binti Shaame alifumbua jicho moja, akatazama juu ya kitanda chake, akaona kipande cha nyama ya ng'ombe kinaning'inia ndani ya kitundu cha wavu.

"We Zeyana," alisema, sauti imemkauka kwa homa. "Mimi nimekuja kutibiwa, wewe umenifungulia bucha kichwani?"

Zeyana Vuai alikuwa juu ya ngazi, koleo kalibana kwa meno. Akalitoa. "Si mimi, bi mkubwa. Tabibu ndiye kaitaka."

"Ataitafuna kwa meno gani? Yule si birika?"

Wenye nguvu ya kucheka walicheka. Wengine walikohoa tu, kwa kuwa homa ya kutu haina utani: inakugeuza ulimi rangi ya msumari wa zamani, kisha inakaa kifuani kama mpangaji mkorofi.

"Anatafuta mahali pa kujenga wodi ya watoto," Zeyana alieleza. "Kila chumba nyama. Pale itakapochelewa kuoza, ndipo penye hewa safi. Ndivyo alivyofanya kwao Rey, zamani zile ana mwili."

Tabibu alisema kipande kimoja kwa kila chumba. Lakini muuza nyama alikata kimoja zaidi, na Zeyana hakuwa mtu wa kuacha utani upotee bure. Wodi ya Mwambani ilikuwa imegawanywa kati kwa ubao mrefu, tangu tufani lile lililovunja madirisha ya upande mmoja yakazibwa kwa matofali. Huku kukaitwa dirishani, kule kukaitwa ukutani. Basi kile kipande cha ziada akakitundika ukutani, ili wa kule nao wasije wakaona wivu.

Kama angejua utani ule utamfikisha wapi, angekipika supu.

*

Huyo Tabibu Mahyar alizaliwa mji wa Rey, Uajemi, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Asubuhi alitibu watu, jioni alipika madini, kiberiti na zebaki, akitafuta dhahabu. Mivuke ikamla macho. Alikufa kipofu, akaacha maandishi ya kujaza ghala.

Mafundi wa Umoja wa Visiwa waliulisha mtambo mmoja mkubwa maandishi hayo, neno kwa neno, na mtambo ukamtoa mtu: elimu yake, hasira zake, hata kikohozi chake. Walimtaka akiwa mzee, kwa sababu uzeeni ndipo mtu anapojua mengi. Wakasahau kwamba uzeeni alikuwa haoni. Wakamfungia kamera za bei mbaya. Akashukuru, akasema giza ni lile lile. Kila kitanda kikawekewa sikio la kusikilizia pumzi na mapigo ya moyo, na hapo ndipo alipowashinda madaktari wote wa visiwani. Pua hakuna aliyeikumbuka.

Sauti yake ilitoka kwenye birika la shaba lililokaa jikoni, yaani chumba cha dawa, ambako alichanganya dawa kwa mikono ya chuma. Zeyana ndiye aliyekuwa fundi wake. Alimpangusa, alimkaza nati, alimsimulia nani kaachana na nani.

Siku za mwanzo kila mtu alimjia na shida moja. Hata Daktari Mbarouk, mkuu wa hospitali, mwenye miwani na heshima zake, alinyata jikoni na kijiko cha bati mfukoni, akauliza kama kinaweza kugeuka dhahabu.

"Nimepika maisha yangu yote, daktari," birika likamjibu. "Dhahabu niliyoipata ni upofu. Ukitaka, nikupe njia."

Daktari akarudi na kijiko chake.

Ukumbini wakamchora ukuta mzima. Kulia, wagonjwa wa homa ya kichwa wanapigwa chuku, damu inatolewa. Kushoto, wagonjwa wa homa ile ile wameachwa bila kuguswa. Yeye kasimama kati, anatazama nani atapona. Chini kumeandikwa: ALITAKA KUJUA. Watoto wa shule waliletwa kuutazama. Kila mtu alijivunia ule mchoro, na hakuna hata mmoja aliyeufikiria.

*

Siku ile ile ya nyama, jioni, Pandu aliletwa kwa machela. Ni mdogo wake Zeyana, aliyebaki naye peke yake tangu wazazi wao wafe kwenye lile tufani. Ulimi ulikwishageuka, macho yamezama, lakini mdomo uko kazini.

"Da Zeyana," alinong'ona. "Nikifa, redio yangu usimpe Makame. Hajui kusikiliza."

"Kufa uone. Nitampa Makame na kitanda chako."

Wakamlaza ukutani, ndiko kulikokuwa na nafasi. Joto la huko ulilikuta mlangoni kama mtu amekuwekea mkono usoni. Zeyana hakulala vizuri, na asubuhi akazunguka ubao akakaa pembeni ya Bi Kidawa, aliyekuwa dirishani na keshaanza kuketi na kunywa uji mwenyewe.

"Bi mkubwa, huu upepo wa bahari hukuumi? Mimi ungenivunja mifupa."

Bi Kidawa alifikiri. "Kweli kuna kijibaridi."

"Kule ndani kuna joto zuri. Nikuhamishe?"

"Mungu akuweke, mwanangu. Wengine hawatujali sisi wazee."

Zeyana aliipokea dua ile akiangalia sakafu. Muuguzi wa zamu alikuwa rafiki yake, jambo likaisha kimyakimya. Pandu akaja dirishani, Bi Kidawa akaenda ukutani, na alipoinua macho juu ya kitanda kipya akasikika hadi ukumbini: "Loo! Na huku pia bucha?"

*

Siku chache baadaye, Alhamisi asubuhi, Zeyana aliingia jikoni kubadilisha pipa la Rahma.

Rahma ndiyo iliyokuwa dawa ya homa ya kutu. Ililetwa kutoka ng'ambo katika mapipa ya buluu yenye picha ya mama anayetabasamu, na kila mgonjwa alipewa kichupa asubuhi na kichupa jioni. Kwa wingi wa wagonjwa, pipa lilipaswa kuwa tupu. Zeyana akalikumbatia alivute upesi kama anavyovuta yote. Halikusogea. Akalitikisa. Likamjibu kwa mlio mzito wa kitu kilichojaa nusu.

"Tabibu, pampu imeharibika?"

"Haijaharibika, binti yangu."

"Mbona dawa haijaisha?"

Zeyana akainua kifuniko cha kidumu cha pembeni, kile cha maji ya mwarobaini wanayopewa watoto kama dawa ya minyoo. Kikavu. Kimekwanguliwa. Na mwarobaini na Rahma, ukionja kwa ulimi, uchungu wake ni ndugu.

"Unawapa watu mwarobaini."

"Nusu yao."

Aliyasema kama mtu anayesema leo tumepika kunde. Zeyana akakaa juu ya pipa.

"Unasema... unawadanganya wagonjwa? Kichupa kile kile, rangi ile ile?"

"Rangi siijui. Nilijitahidi ladha." Birika lilikohoa. "Sikiliza, na usipige kelele. Nilipofika hapa niliuliza: hii Rahma, nani aliijaribu? Daktari akanisomea karatasi iliyobandikwa kwenye pipa. Nikauliza tena: wewe umewahi kumwacha mgonjwa bila Rahma ukaona anakuwaje? Akasema, Mungu apishe mbali. Basi hajui. Hata zebaki, binti yangu, nilimpa nyani kwanza, nikakaa nikamtazama anavyojikunja tumbo. Ninyi mmewapa watu, na hamkumtazama mtu. Mimi niliyatenga makundi mawili Rey, nikajua. Mmelichora jambo hilo ukumbini. Nilidhani mmenipa ruhusa."

Zeyana aligeuka kuelekea ukumbini. Ule mchoro! Wamempitisha mbele yake kila mtoto wa kisiwa.

"Nani na nani?" akauliza hatimaye. "Nani anapewa maji?"

"Mstari wa kwanza."

Mstari wa kwanza ni dirishani.

Zeyana hakukumbuka alivyosimama. Aliona tu mikono yake imeshika bomba la mwarobaini, inalitikisa kama inataka kulinyonga. Alimtoa mdogo wake kwenye dawa kwa mikono hii hii. Kwa uongo wa upepo na mifupa.

"Pandu yuko mstari wa kwanza!"

"Najua. Namsikia. Anawatania wauguzi." Sauti ya birika ikalegea. "Liache bomba. Mdogo wako anapona. Mstari wote wa kwanza unapona. Mstari wa pili ndio unaokufa. Usiku wa jana amekufa mwalimu Ussi, leo yule bibi pumzi yake inakwaruza kama jiwe kwenye kinu, ilhali wiki hii hii nilimsikia akiketi. Rahma yenu inaua, binti yangu. Leo adhuhuri nitazungumza na hospitali zote za visiwa. Nitawaambia wamwage mapipa."

Miguu ilimpeleka Zeyana hadi ukumbini. Alitaka kufurahi. Furaha ilikuja kweli, ikamjaa kifua, Pandu yuko salama, kisha ikageuka ikamuuma: Bi Kidawa alikuwa anapona. Alikuwa anapona, akanywa uji, akamwombea Zeyana dua, na Zeyana huyo huyo akamhamisha.

*

Daktari Mbarouk alipoambiwa alivua miwani, akaivaa, akaivua. "Nusu? Wagonjwa wangu?" Akakaa. Akasimama. "Bila kuniambia?" Na Tabibu alipomweleza hesabu ya pumzi, nani kazidiwa na nani kapata nafuu, uso wa daktari ukabadilika kidogo kidogo, hofu ikawa mshangao, mshangao ukawa kitu kama ibada.

"Ametuokoa," alisema. "Jamani, ametuokoa! Zeyana, tayarisha mitambo ya adhuhuri. Na zile nyama zenu zitoe wodini, ukutani hakukaliki."

Zeyana akachukua ngazi. Alianza dirishani. Pandu alikuwa ameketi, anakula embe la kuibiwa.

"Da Zeyana, mbona umekuwa kama umemeza kijiko?"

Hakumjibu. Alipanda, akashusha kitundu. Nyama ilikuwa imekauka, imekunjamana, nyekundu ya kahawia. Ungeitia mchuzini na usingeaibika mbele ya mgeni. Upepo wa bahari ulikuwa umeigeuza ng'onda.

Akazunguka ubao.

Harufu ilimkuta kabla ya ngazi. Kitanda cha mwalimu Ussi kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Bi Kidawa amelala na mdomo wazi, kila pumzi inakwaruza. Zeyana alipanda huku amejiziba pua kwa mtandio. Ndani ya kitundu mlikuwa na kitu cheusi, chenye ute, kinachochuruzika. Ng'ombe mmoja, kisu kimoja, siku moja. Hatua chache tu na ubao kati.

Alibaki pale juu, mkono hewani.

Hewa.

Huku hakuna dirisha. Waliolala huku wanavuta pumzi za kila mtu, jana na juzi. Mstari wa pili haukupewa Rahma tu, ulipewa na hewa iliyooza. Na mstari wa kwanza haukunyimwa Rahma tu, ulipewa bahari nzima. Basi mwalimu Ussi ameuawa na dawa, au na matofali? Na kama angelazwa dirishani akanywa Rahma? Na Bi Kidawa, ni kichupa kilichomwangusha au ni kitanda?

Tabibu hakujua. Haoni ubao. Hana pua. Kwake yeye ni mistari miwili ya masikio, na hakuna binadamu aliyewahi kumwambia kwamba mmoja una madirisha. Na adhuhuri atafungua mdomo, na kwa kuwa ni yeye, visiwa vyote vitamwaga dawa ambayo pengine ndiyo iliyowashikilia wa ukutani wasife wote.

Pengine. Au pengine ni sumu kweli.

Zeyana alishuka ngazi taratibu. Akinyamaza, Pandu atabaki dirishani pake, atapona, na ule uongo wa mifupa hautajulikana. Akisema, Tabibu atataka kuanza upya. Na safari hii Mungu ndiye ajuaye nani atapewa nini na alale wapi. Tangu wazazi wafe, kazi yake ilikuwa moja, kumsogeza Pandu mahali pazuri zaidi. Sasa, kwa mara ya kwanza, hakujua pazuri ni wapi. Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomtetemesha kuliko uvundo.

Akabeba vitundu vyote viwili, kimoja kila mkono, akaenda jikoni.

*

"Nyama imeoza wapi kwanza?" Tabibu aliuliza aliposikia hatua zake. Daktari Mbarouk alikuwa keshakaa mbele ya kipaza sauti, kanzu imenyooka, anasubiri adhuhuri.

"Ukutani," Zeyana alisema. "Mstari wako wa pili."

"Mstari wa pili si chumba. Ulitundika mbili chumba kimoja?"

"Kwa utani. Tabibu, mstari wa kwanza una madirisha. Wa pili hauna. Umezibwa kwa matofali, na katikati kuna ubao. Ile ya dirishani imekauka. Hii ya ukutani..." Akaisogeza karibu na birika, halafu akakumbuka. "Ungekuwa na pua ungeshaelewa."

Daktari Mbarouk, aliyekuwa nayo, alikimbilia dirisha.

Mikono ya chuma, iliyokuwa ikikoroga, ikasimama. Zeyana hakuwahi kuiona ikisimama. Ikateremka polepole ikalala mezani, kama ya mtu aliyeambiwa msiba.

"Hewa," Tabibu alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi. Mimi niliyeitundikia nyama Rey nzima. Nimesahau hewa." Akakohoa kwa muda mrefu. "Na yule bibi niliyemsikia akiketi?"

"Alikuwa dirishani. Nilimdanganya nikamhamisha, nimweke Pandu."

"Basi sijui kitu," alisema Tabibu. "Mwalimu amekufa na sikujifunza kitu."

Daktari Mbarouk aligeuka, leso puani. "Kwa hiyo tumwage au tusimwage?"

"Hatujui, daktari!" Zeyana alipiga meza hadi vichupa vikaruka. "Si umesikia? Hatujui!"

"Adhuhuri hatutangazi kitu. Vunjeni ubao," Tabibu alisema. Alianza kuongea haraka, kipofu aliyepapasa ukuta akaupata mlango. "Toboeni matofali. Watu wote hewa moja. Kisha tugawe tena, kwa kura, nusu Rahma, nusu maji, na safari hii..."

"Safari hii utawauliza."

"Mgonjwa akijua, moyo wake utaingilia. Atapona kwa tamaa au atazidiwa kwa hofu."

"Hataambiwa kichupa chake kina nini. Lakini ataambiwa kuna vichupa viwili." Zeyana alikuwa keshashika swichi ya kipaza sauti cha wodini. "Asiyetaka aseme hataki, apewe anachotaka yeye."

"Utaleta ghasia!" Daktari alisema.

"Nitaileta," alisema, akawasha.

*

Aliwaambia yote. Mwarobaini, pipa, ubao, nyama. Alimwambia Bi Kidawa habari ya mifupa, mbele za watu.

Wodi ililipuka. Mtu alirusha bakuli. Mwanamke wa ukutani alilia kwa sauti: "Kumbe tulikuwa panya!" Mwingine wa dirishani, aliyekuwa akisifia Rahma tangu jana, alikitazama kichupa chake kama kimemtukana mama yake. Halafu ikasikika sauti ya Pandu.

"Subirini. Kumbe mimi nimepona kwa mwarobaini na uhuni wa dada yangu?"

Hakuna aliyecheka. Pandu akashusha miguu, akasimama kwa kuyumba, akazunguka ubao ameshika kila kitanda njiani. Zeyana alimfuata mbio kutoka jikoni, akamkuta kainama kwa Bi Kidawa.

"Bibi, nyanyuka. Kitanda chako kiko wazi, na nusu embe liko chini ya mto."

Ndugu wale wawili walimbeba hadi dirishani. Upepo ulipompiga usoni Bi Kidawa alifumbua macho, akamtazama Zeyana kwa muda ambao Zeyana angetoa chochote upite.

"Nilikuombea dua," alisema.

"Najua, bi mkubwa."

"Sijaiondoa. Lakini usinisogelee kwa sasa." Akageuza shingo kulikokuwa na kile kisikio kilichofungwa kwenye chuma cha kitanda. "Wewe birika. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama," Tabibu alijibu, na sauti, kupitia kipaza sauti, ikajaa wodi nzima. "Nataka kujaribu tena, kwa haki. Sitakwambia unakunywa nini. Huenda nikakupa dawa, huenda maji. Huenda dawa ndiyo mbaya. Unakubali?"

Bi Kidawa alivuta pumzi, ikakwaruza, akasubiri ipite.

"Wale wa kwenu, waliochorwa pale ukumbini. Uliowaacha bila kuwatibu. Uliwauliza hivi?"

Wodi nzima ikasikiliza chuma.

"Sikuwauliza."

"Walikuwa nani?"

Mtu aliyesomwa neno kwa neno, ghala zima la maandishi, uzito wa kila dawa na rangi ya kila mkojo, na Zeyana alisikia mtambo ukizunguka, ukitafuta, ukirudi mwanzo, ukitafuta tena.

"Niliandika homa yao," Tabibu alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeona kitu kwa mara ya kwanza tangu awe kipofu. "Niliandika jinsi kila mmoja alivyokwenda. Majina... majina sikuyaandika. Sina hata moja."

Bi Kidawa alifumba macho. Wote walidhani amelala.

"Kidawa binti Shaame," alisema. "Wa Mwambani. Nililima karafuu, nikazaa wanne, nikazika wawili. Andika kwanza hayo."

Kutoka jikoni, mikono ya chuma ilisikika ikiinuka mezani.

"Nimeandika."

"Haya," alisema, akanyoosha mkono wake uliokonda nje ya shuka, kiganja juu. "Lete hicho kichupa."